Jamvi na Konsonanti: Chumba cha Kufundishia Utangazaji, Kikitazamwa Kutoka Bura

Fomu iliyoletwa na kamati ya majengo ilikuwa na safu nne: jina la chumba, ukubwa wake kwa mita za mraba, idadi ya viti, na maelezo mengineyo. Mhadhiri aliyekabidhiwa fomu hiyo alikuwa mwalimu wa fasihi simulizi ambaye, kama walivyojikuta wenzake wengi katika vyuo vya Afrika Mashariki baada ya mawimbi ya redio kufunguliwa kwa watangazaji wa binafsi katika miaka ya 1990, alikuwa pia akifundisha uandishi wa michezo ya redio, mbinu za mahojiano na historia ya utangazaji. Chuo chake kilikuwa kimeazimia kuanzisha shahada ya mawasiliano na habari, na fedha za jengo moja zilikuwa zimepatikana. Moja tu. Safu mbili za mwanzo alizijaza kwa dakika chache. Safu ya viti ilimkalia mezani miezi mitano.

Si kwamba hakujua kuhesabu. Idadi ya viti, jinsi fomu ilivyoidai, ilikuwa imekwisha kutoa hukumu juu ya mambo ambayo yeye alikuwa akiyafundisha kwa miaka kumi na minane kuwa hayana hukumu ya mwisho. Anayehesabu viti amekwisha kuamua nani ataketi na nani atasimama, nyuso zitaelekea wapi, na upande upi utaitwa mbele. Katika mihadhara yake juu ya utendaji, alikuwa akisisitiza kwamba fanani na hadhira hupokezana nafasi, kwamba mwitikiaji wa usiku huu huweza kuwa mtambaji wa usiku ujao, na kwamba ngano isiyoitikiwa haijatambwa. Akiyasema hayo alikuwa amesimama juu ya jukwaa la saruji, mbele ya safu za viti vya mbao vilivyokazwa sakafuni kwa parafujo, katika ukumbi wa ngazi ambamo kila mwanafunzi huona uso wa mtu mmoja na visogo vya wenzake wote. Wanafunzi waliliandika neno "mwitiko" katika madaftari yao bila ya kuwahi kuitikia chochote.

Katika ukumbi huo huo ndimo alimopata hasara ambayo fomu ya kamati ilimrejeshea upya. Mmoja wa wanafunzi wake wa mwaka wa tatu, binti wa Kisomali kutoka Bura, alitembelewa na bibi yake. Bibi huyo alisifika kwao kwa kughani buraanbur, utungo wa wanawake wa Kisomali unaoghaniwa kwa ngoma, makofi na michezo ya mwili, hususan arusini na katika hafla nyingine ambazo wanawake ndio wenyeji. Mhadhiri aliomba, bibi akakubali, na siku iliyofuata akaletwa ukumbini mbele ya wanafunzi wapatao sitini. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kukishika kiti cha safu ya mbele na kukivuta. Kiti hakikuja. Akamgeukia mhadhiri, na mjukuu akafasiri: "Mwanangu, mbona mmevifunga? Vilikuwa vikitoroka?"

"Hapana, mama," mhadhiri akajibu. "Vilikuwa vikiibwa."

Bibi alicheka, lakini alichokitafuta hakukipata. Alitaka wasichana waketi chini, wamzunguke, na yeye awe miongoni mwao. Na katika ukumbi ule sakafu tambarare ilikuwa ni kile kichochoro tu kati ya jukwaa na safu ya kwanza, upana wake hatua mbili. Basi akaghani juu ya jukwaa, mjukuu akiwa amemshikia kipaza sauti. Makofi ya wanafunzi yalishuka kutoka juu kwenye ngazi bila ya kupatana, yakagonga ukuta wa nyuma, yakarudi. Kabla ya kufika mwisho alinyamaza, akasikiliza kidogo, kisha akasema neno ambalo mjukuu alilifasiri kwa haya: "Ayeeyo anasema, nyumba hii inamjibu kabla ya watu."

Mwaka uliofuata bibi alifariki dunia. Sauti iliyonaswa siku ile ndiyo pekee iliyobaki yake akighani.

Mjukuu alichagua utungo huo kuwa mada ya tasnifu yake ya shahada ya pili, na kwa muhula mzima yeye na mhadhiri waliketi mbele ya spika mbili wakijaribu kuuandika. Walifaulu kuyapata maneno ya chini ya nusu ya mishororo kwa yakini. Sababu yake inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ni sababu ya kifani kabla ya kuwa ya kiufundi. Katika usemi, irabu ndizo zenye nguvu na ndizo zinazodumu. Konsonanti nyingi ni hafifu na fupi mno. Katika chumba chenye kuta ngumu zilizotazamana, irabu ya silabi iliyotangulia huwa ingali inavuma hewani wakati konsonanti inayofuata inapotamkwa, ikaifunika. Msikilizaji aliyemo chumbani husaidiwa na macho yake, na masikio yake mawili hujua kuchambua sauti itokayo mdomoni na ile itokayo ukutani. Kipaza sauti hakina msaada huo. Hupokea vyote kwa pamoja, na konsonanti ndizo zinazopotea kwanza.

Sasa, ushairi wa Kisomali umesimama juu ya sauti ya mwanzo ya neno. Kanuni yake kuu, inayowabana wanaume katika gabay na wanawake katika buraanbur, ni kwamba kila mshororo sharti uwe na neno linaloanza kwa sauti ile ile iliyochaguliwa, tangu mwanzo wa utungo hadi mwisho wake, na aghalabu sauti hiyo ni konsonanti. Kwa hiyo chumba kile hakikuharibu sehemu fulani tu ya kazi ya bibi. Kiliung'oa uti wake wa mgongo. Mshairi wa Kiswahili angalipona kidogo, maana vina vyake hukaa mwisho wa kipande, na irabu ya kina hupata nafasi ya kuvuma bila ya kusukumwa na silabi nyingine. Mtu angaliweza kusema, kwa mzaha wenye ukweli ndani yake, kwamba kumbi za saruji za vyuo vyetu zina upendeleo wa kifasihi.

Hata hivyo kanuni iliyoumizwa ndiyo iliyotoa dawa. Kwa kuwa mjukuu alijua kwamba sauti iliyochaguliwa ni "d", kila palipokuwa na mvumo mtupu aliweza kuuliza: ni neno lipi la Kisomali linaloanza na "d", lenye urefu huu, linaloweza kukaa baada ya ngamia na kabla ya mvua? Mishororo kadhaa ilipatikana kwa njia hiyo. Kuna wakati waliridhika. Kuna wakati mjukuu aliweka kalamu chini na kusema kwamba sasa yeye ndiye anayetunga, si ayeeyo. Wahakiki waliosoma utafiti wa Andrzejewski na Lewis juu ya ushairi wa Kisomali, uliochapishwa mwaka 1964, wataielewa dhiki yake. Katika mapokeo hayo utungo una mwenyewe anayetajwa kwa jina, na anayeuhifadhi hana ruhusa ya kuubadilisha. Kabla ya Kisomali kupata hati rasmi mwaka 1972, uaminifu huo wa neno kwa neno ulibebwa na kumbukumbu za watu peke yake. Hii ni tofauti na nadharia iliyoenezwa na Albert Lord mwaka 1960, ambayo mhadhiri alikuwa ameifundisha kwa bidii, kwamba mtambaji huuzaa upya utungo wake kila anapoutamba kwa msaada wa fomula. Kwa Wasomali wa malishoni neno ndilo lililofungwa na mahali ndipo panapohama. Chuo kilikuwa kimefanya kinyume chake: kilifunga viti na kuyapoteza maneno.

Tatizo la kumbi zinazomeza maneno si geni, wala si la nchi maskini tu. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimtaka mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, achunguze kwa nini ukumbi wa mihadhara wa jumba jipya la sanaa la Fogg haukufaa kwa kusema. Neno moja lilikuwa likivuma mle kwa zaidi ya sekunde tano. Sabine na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, ule wa Sanders, wakaipanga na kupima usiku, wakati wa kimya, kisha wakairudisha kabla ya asubuhi. Kutokana na mito hiyo ilipatikana kanuni ambayo wasanifu wa majengo wanaitumia hadi leo, kwamba muda wa mvumo hutegemea ukubwa wa chumba na kiasi cha vitu vinavyomeza sauti vilivyomo, watu wakiwamo. Mhadhiri alipoisoma habari hiyo aliwaita wanafunzi wake, na usiku wa Ijumaa moja wakaingiza ukumbini magodoro na mablanketi yao, wakayaegemeza kwenye ukuta wa nyuma na kuyatundika juu ya migongo ya viti. Mjukuu alipiga kofi moja. Kofi lilikufa pale pale. Mlinzi wa usiku naye alifika na kuuliza ni nani anayehama.

Mhadhiri mwenyewe ni mtu wa Bura, ingawa si Bura ya bibi. Bura ziko mbili, na Mto Tana uko kati yake: moja ng'ambo ya mashariki, katika eneo la Fafi la Kaunti ya Garissa, na nyingine upande wa magharibi, katika Kaunti ya Tana River. Hii ya magharibi ndiyo iliyojulikana kwa mradi wa umwagiliaji, uliojengwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia pamoja na fedha za wafadhili wengine. Ulichorwa kuwa na hekta 6,700, za pamba hasa, na zaidi ya familia 5,000 zilizotazamiwa kuhamia kutoka pande mbalimbali za Kenya. Familia zilizofika hazikutimia nusu, na maji yaliyovutwa na mitambo ya dizeli kutoka mtoni Nanigi yalikuwa ya mashaka hadi, ilipofika mwisho wa miaka ya 1980, mashamba mengi yakawa yameachwa makavu. Baba yake alikuwa miongoni mwa waliofika. Mtoto alikulia katika kijiji kilichochorwa kwa rula, nyumba zikiwa zimepangwa kama viti vya ukumbi ule, kila mlango ukitazama kisogo cha jirani.

Katika mstari wao palikuwa na redio moja. Mchana ilipotangazwa mpira au mchezo wa kuigiza wa Sauti ya Kenya, mwenye redio aliitoa nje, na watu wakaja na mikeka yao: Wapokomo, Wakamba, Waluo, Wakikuyu, na wachunga ng'ombe wa Orma waliokuwa wakipita. Betri zilizochoka zilianikwa juani zipate uhai wa nusu saa. Jua liliposogea kivuli kilihama, redio ikahama na mikeka ikahama, hivi kwamba kipindi kilichoanza upande mmoja wa nyumba kilimalizikia upande mwingine na mpangilio mwingine wa watu. Aliyekuwa nyuma alijikuta mbele. Anayejua Kiswahili vyema aliwafasiria wasiokijua, na baada ya mchezo kwisha palizuka mchezo wa pili, wa kubishana juu ya ule wa kwanza. Mhadhiri alikaa miaka mingi bila ya kuyatambua hayo kuwa ni elimu ya mawasiliano. Katika vitabu alivyosomea, hadhira ya redio ni mtu mmoja mmoja aliyetawanyika, asiyemwona mwenzake.

Vivuli navyo vina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliletwa Bura mti wa kigeni ambao Wakenya wanauita mathenge, upandwe uwe kuni na kivuli katika nchi iliyokuwa ikikatwa miti. Ulimea. Ulimea hata ukaziba mifereji na malisho, ukawa balaa ambayo wachumi na wanamazingira wanaiandikia hadi sasa. Jambo hili linatajwa hapa kwa sababu moja tu: pale Bura kitu pekee kilichofuata mpango kikapita kiasi chake ni mti, ilhali vilivyokusudiwa kudumu, mifereji na safu za nyumba, ndivyo vilivyolegea upesi.

Ng'ambo ya pili ya mto ulizuka mfano ambao mhadhiri aliufikiria zaidi. Mwaka 1996 Shirika la Maktaba la Taifa lilianzisha Garissa huduma ya maktaba ya ngamia. Mnyama mmoja huweza kubeba takriban kilo 200, na juu yake hupakiwa masanduku ya vitabu na hema. Msafara unapofika mahali pa wahamaji au shuleni, mikeka hutandikwa, masanduku hufunguliwa, na chini ya mgunga panakuwa maktaba. Jioni hapana kitu. Nani atathubutu kusema kwamba hapakuwa na maktaba kwa kuwa hapakuwa na ukuta? Wenyeji wa huko hawakuhitaji kufunzwa wazo hilo. Aqal, nyumba ya wahamaji wa Kisomali, hujengwa na wanawake kwa fito zilizopindwa na mikeka waliyoisuka wenyewe, hufumuliwa na wao, na hupakiwa juu ya ngamia. Chumba chao kimo ndani ya mzigo wao.

Hapa ndipo mhadhiri alipokaribia kuandika upuuzi. Rasimu yake ya kwanza ilipendekeza jengo lisilo na kitu ndani yake: sakafu tambarare, paa, nguzo, kuta za kukunja zinazoteleza juu ya reli, na kila kitu kikiwa juu ya magurudumu. Asubuhi lingekuwa darasa, adhuhuri chumba cha habari cha gazeti la wanafunzi, alasiri studio, usiku jukwaa. Mpiga chapa wa idara, mama mwenye umri mkubwa kuliko chuo chenyewe, aliisoma alipokuwa akiichapa na kuuliza swali moja: "Mwalimu, ufunguo atakuwa nao nani?" Na kwa hakika kila mwenye uzoefu wa vyuo vyetu anazijua kumbi za matumizi mengi. Hugeuka vyumba vya mitihani, kisha ghala ya viti vilivyovunjika. Aidha, ukuta wa kukunja hauzuii sauti. Mlio mdogo hupita penye upenyo mdogo, na msomaji wa taarifa ya habari hawezi kusoma huku upande wa pili pakifanywa mazoezi ya ngoma. Kinachobadilika kwa kila kitu hakifai kwa kitu kimoja kinachodai ukamilifu, na kunasa sauti kunadai kimya kilicho kamili.

Kulikuwa na kasoro nzito zaidi. Rasimu hiyo ilisifu uwazi kana kwamba uwazi ni jambo jema popote. Mtu aliyelelewa kando ya Tana hakuwa na udhuru wa kusahau. Mkoa wa Kaskazini Mashariki ulikaa chini ya sheria za hali ya hatari hadi mwaka 1991. Mnamo Novemba 1980 wakazi wa mji wa Garissa walikusanywa na askari katika uwanja wa shule ya msingi na kuzuiliwa humo. Februari 1984, huko Wajir, wanaume walizuiliwa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, na wengi hawakurudi. Yote mawili yameandikwa katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013. Kwa wazee waliopitia hayo, mahali pa wazi ambapo watu wengi huketi chini pamoja si taswira ya demokrasia. Na tarehe 2 Aprili 2015, katika chuo cha Garissa, watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi; baadhi yao walikuwa wamekusanyika alfajiri kusali katika chumba cha mihadhara. Chuo hicho kilifunguliwa tena Januari 2016 na kupata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2017. Tangu hapo mtu hawezi kuzungumzia mlango wa darasa kama suala la usanifu tu. Mjukuu wa bibi alipoonyeshwa rasimu hakuuliza juu ya mwangwi. Alihesabu milango, akauliza inafunguka kwa ndani au kwa nje.

Wanafasihi wanapolizungumzia jambo hili hukimbilia Kamiriithu, na wana haki. Ukumbi ule wa wazi karibu na Limuru, wenye uwezo wa kuchukua watu zaidi ya 2,000, ulijengwa na wanakijiji wenyewe mwaka 1977 kwa ajili ya Ngaahika Ndeenda. Kibali cha mchezo kiliondolewa mwaka huo huo, Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa na serikali. Ngũgĩ, aliyefariki mwaka 2025, aliandika baadaye juu ya siasa za mahali pa utendaji, na hoja yake kwamba dola huogopa mahali pasipo na ukuta kuliko neno lililosemwa mahali hapo imekuwa sehemu ya silabasi. Lakini Kamiriithu palikuwa na wenyewe. Nguvu ya ukumbi ule haikutokana na kukosa kwake paa, bali na mikono iliyouinua. Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipofanya kazi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo huko Malya na Msoga katika miaka ya 1980, nao walikwenda kwa watu badala ya kuwaleta watu ukumbini. Chuo kilichoyaona hayo yote kingali kinajenga jukwaa la saruji lenye mwelekeo mmoja, pengine kwa sababu jukwaa la saruji halihitaji mtu wa kulisimamia.

Wakati wa likizo ya Agosti mhadhiri alisafiri hadi Bura ya mashariki pamoja na mjukuu, wakiwa na vinasa sauti viwili vya mfukoni na betri ya kuchajiwa kwa jua. Jua huko halikosi. Kituo cha umeme wa jua cha Garissa, kilichozinduliwa mwaka 2019, hutoa megawati 50. Shangazi za mjukuu walikubali kughani. Walijaribu kwanza katika nyumba ya mabati, wakasikia ukumbi wa chuo umewafuata. Walijaribu nje chini ya mti, upepo ukavuma juu ya kipaza sauti kama lori linalopanda mlima. Kisha shangazi mkubwa, aliyekuwa amechoka na majaribio ya wasomi, akawaamuru waingie katika aqal iliyokuwa imesimamishwa kwa ajili ya arusi. Mle ndani kuta hazikutazamana, kwa kuwa hapakuwa na kuta: palikuwa na kuba la mikeka minene, yenye manyoya ya nyuzi upande wa ndani, na sakafuni mlitandikwa ngozi na mazulia. Wanawake kumi na wawili waliketi duara, miili yao nayo ikimeza sauti. Waliposikiliza baadaye, kila "d" ilikuwa mahali pake, kavu na kamili, pamoja na mbuzi waliokuwa nje na mtoto aliyekohoa. Mikeka iliyoruhusu sauti itoke bila ya kurudi iliruhusu pia sauti za nje ziingie. Hiyo ndiyo bei yake, na kwa mtafiti wa utendaji si bei kubwa. Kwa msomaji wa taarifa ya habari ni kubwa mno.

Shangazi mmoja aliukumbuka utungo wa marehemu. Aliughani wote bila ya kusita. Mishororo kadhaa ambayo mjukuu aliikisia kwa sauti ya "d" ilikuwa sahihi. Mmoja, ule uliokuwa umemfanya aweke kalamu chini, haukufanana kabisa na ukisio wake. Palikuwa na neno la zamani la kamba ya kufungia mzigo wa ngamia, neno ambalo hakuwahi kulisikia.

Rasimu ya pili ilikuwa fupi. Iliomba vitu vitatu. Kwanza, chumba kimoja kidogo kisichobadilika kamwe, chenye kuta nzito zisizotazamana sambamba, mlango mzito na dirisha la vioo viwili, kitakachotumiwa kwa kunasa sauti na si kwa jingine lolote, ufunguo wake ukiwa kwa fundi anayelipwa mshahara. Pili, ukumbi wa sakafu tambarare, usio na jukwaa, wenye milango minne inayofunguka kwa nje, viti vinavyokunjika, mapazia mazito yanayoweza kuvutwa kuzunguka kuta zote, na mikeka. Tatu, masanduku: vinasa sauti, vipaza sauti, betri, hema dogo na mablanketi, uzito wake wote usiozidi mzigo wa ngamia mmoja, ili chumba chenyewe kiweze kwenda Bura kila mwaka badala ya Bura kuletwa chumbani. Uchumi wa pendekezo hili ulikuwa na mantiki, kwani kukifanya chumba kidogo kuwa kigumu kulipunguza gharama ya kuufanya mkubwa uwe mwepesi. Lakini kilichomridhisha zaidi mhadhiri ni kwamba muundo huo ulifanana na utungo wa bibi: sauti moja isiyoguswa, na mengine yote yakizunguka.

Katika safu ya viti aliandika: "Viti 60 vya kukunja. Mikeka 60."

Fomu ilirudi baada ya wiki tatu. Kamati haikuwa na pingamizi juu ya milango, na mapazia yalipunguzwa kwa theluthi moja tu. Swali lilikuwa juu ya mikeka. Karani wa ununuzi alitaka kujua iingizwe kifungu kipi, kwani si samani, si vifaa vya ofisi, wala si matengenezo ya jengo, na bila ya kifungu haiwezi kununuliwa. Mhadhiri alimwita mjukuu, ambaye sasa ni mhadhiri msaidizi katika idara hiyo, wakalitazama jedwali la vifungu pamoja. Yeye ndiye aliyeweka kidole penye mstari wa saba, "Mitambo na zana za kunasia sauti", na mhadhiri akaandika hapo.